Kinundu Shingoni, Kinundu Kifuani, na Sanduku la Dawa ya Kichina

Yapo maswali ambayo katika mikutano yetu huulizwa mbele ya wote, na yapo mengine ambayo huulizwa mlangoni, kwa sauti ya chini, wakati wenzenu wamekwisha kutoka. Swali la vinundu ni la aina hiyo ya pili. Msichana amegusa kitu kigumu katika titi lake alipokuwa akioga. Mwingine ameona shingo yake imeanza kujaa upande mmoja. Naye anataka kujua kama ni kweli kwamba dawa ya Wachina huyeyusha vitu hivyo bila kisu. Mwaka huu nimeulizwa hivyo zaidi ya mara moja. Nimeona heri kujibu kwa maandishi, kwa wasichana na wavulana pamoja, maana wavulana nao wana shingo, wana dada na mama, na mara nyingi mzaha wao ndio unaomfanya msichana anyamaze miezi sita.

Rai yangu naitoa mapema ili msomaji asiitafute katikati ya maneno. Tiba ya Wachina ni elimu kubwa na ya kale, nami naiheshimu. Kwa kuwa naiheshimu, nasema kwamba sanduku linalopitishwa nyumba kwa nyumba katika mitaa yetu, likiahidi kuyeyusha kila uvimbe wa shingo na wa kifua, halifanani na elimu hiyo. Anayelinunua kabla ya kujua kinundu chake ni kinundu gani hamfuati daktari wa Ulaya wala mwalimu wa China.

Tuanze na heshima. Katika karne ya 4 aliishi huko China mtaalamu aitwaye Ge Hong. Aliandika kitabu cha maagizo ya dharura, kidogo kiasi ambacho msafiri angeweza kukibeba katika mkono wa kanzu yake. Humo alieleza dawa ya rovu, yaani ule uvimbe wa tezi ya shingo ambao wengi wetu tumezoea kuuita kwa Kifaransa goita: chukua mwani, loweka katika pombe, kunywa kidogo kidogo. Mwani ni mmea wa baharini. Wenzetu wa Zanzibari huulima ufukweni na kuuza nje. Ge Hong hakujua kwa nini mwani unasaidia. Sababu ilianza kuonekana miaka zaidi ya elfu moja na mia nne baadaye, pale Mfaransa Bernard Courtois, mwaka 1811, alipoona mvuke wa rangi ya zambarau ukitoka katika majivu ya mwani. Kitu hicho kikaitwa iodini. Mwaka 1820 daktari Coindet wa Geneva akaanza kuwapa iodini wagonjwa wake wa rovu. Tezi ya shingo, ambayo madaktari huiita tiroidi, hutumia iodini kutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mwendo wa moyo na ukuaji wa ubongo wa mtoto. Ikikosa iodini, hujitanua ikijaribu kukamata hata kile kidogo kilichopo, kama mvuvi anayepanua wavu wake sambaza zinapoadimika.

Katika kitabu hicho hicho cha Ge Hong yamo maneno machache kuhusu mmea unaotuliza homa za vipindi. Mtafiti Tu Youyou aliyasoma, akatambua kwamba Ge Hong aliuloweka mmea ule katika maji baridi, wala hakuuchemsha. Hapo akaelewa kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu nguvu ya dawa. Kutokana na kazi yake tumepata artemisinini, iliyomo katika vidonge ambavyo kila kituo cha afya cha Goma humpa mtoto mwenye malaria, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tazameni alivyofanya. Aliusoma ukurasa wa kale kwa unyenyekevu. Kisha akatenga kiini cha mmea, akakipima kwa wanyama, akakimeza yeye mwenyewe pamoja na wenzake, na mwishowe wakapewa wagonjwa na kuhesabiwa waliopona. Huko ndiko kuheshimu mapokeo.

Sasa, mabingwa wa China walifikiri nini juu ya kinundu chenyewe? Walisema kwamba mwilini kuna pumzi ya uhai, qi, inayopaswa kutiririka bila kizuizi. Hasira iliyofungwa, huzuni isiyosemwa na mawazo ya muda mrefu huifanya ikwame, hasa katika njia ya ini, ambayo kwa fikra yao hupita kifuani na kooni. Pumzi ikikwama, majimaji huganda na kuwa kama kohozi, na kohozi likikaa huwa kinundu. Kwa hiyo shingo na titi waliviweka karibu, wakavitibu kwa dawa zinazofanana: mizizi ya kufungua pumzi ya ini, maua ya kulainisha vigumu, mwani wa kuyeyusha kohozi. Mwaka 1617 mpasuaji Chen Shigong aliweka katika kitabu chake mchanganyiko wa mwani kwa ajili ya rovu ambao hutumika China hadi leo. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha mimi kama mwalimu: mchanganyiko huo una mwani pamoja na mzizi mtamu uitwao gancao, ilhali orodha ya kale ya dawa zisizopatana inakataza kuviweka viwili hivyo katika chungu kimoja. Wataalamu wa China wamebishana juu ya jambo hilo vizazi na vizazi. Ikiwa mabingwa bado wanajadiliana baada ya miaka mia nne, mchuuzi aliyehudhuria semina ya siku mbili katika ukumbi wa hoteli ameupata wapi uhakika wake?

Lakini jambo zito zaidi liko kwa Zhu Danxi, aliyeaga dunia mwaka 1358. Aliandika juu ya kinundu cha titi kisichouma wala kuwasha, chenye ukubwa wa kete ya mchezo, ambacho huweza kukaa kimya miaka mingi, halafu kikapasuka na kuwa kidonda chenye shimo. Wachina walikiita mwamba wa titi. Ni saratani, bila shaka. Basi waalimu wa kale walitofautisha waziwazi vinundu vinavyotembea chini ya kidole, ambavyo huvimba na kupungua kadiri ya siku za mwezi, na ule mwamba. Hawakuvitia vyote katika sanduku moja. Nao waliuogopa mwamba, wakakiri kwamba ukiisha kufunguka hawana tena la kufanya.

Tuwaache Wachina kidogo, turudi ziwani kwetu. Mara nyingi vijana hudhani kwamba habari za sayansi hutoka mbali; kumbe sehemu muhimu ya elimu ya rovu duniani ilitoka Idjwi, kisiwa ambacho boti zake tunaziona zikifika Kituku zimejaa mananasi na ndizi. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Ubelgiji, miongoni mwao Delange na Ermans, walifanya kazi kisiwani kwa ushirikiano na kituo cha utafiti cha Lwiro. Walikuta kwamba kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na kusini-magharibi walikuwa wachache tu. Lakini walipopima iodini, waliona kwamba pande zote mbili zilikuwa maskini sawasawa. Milima yetu imeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, na iodini imekwenda zake baharini. Maji ya ziwa na samaki wake hawatoshi kuirudisha. Kwa nini basi shingo za kaskazini zilivimba zaidi? Walichunguza chakula, wakafika kwenye muhogo. Muhogo usiolowekwa vizuri hubeba sumu, mwili huigeuza kuwa kitu kingine kiitwacho tiosianati, nacho huizuia iodini kuingia katika tezi. Penye iodini ya kutosha, kizuizi hicho hakidhuru sana. Penye uhaba, huuzidisha.

Nimekaa juu ya habari hii kwa makusudi. Hapa petu, watu wakiona shingo imevimba, mmoja husema ni karuho, jirani amemtilia sumu. Mwingine husema ni laana ya ukoo. Familia zimevunjika kwa maneno kama hayo. Wale watu wa Idjwi hawakuwa wamelogwa na mtu. Walikuwa wanakula muhogo wao kwa amani kwenye udongo uliokosa kitu kidogo sana, kitu ambacho mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito 250.

Kisha ikaja chumvi yenye iodini, na katika miaka ya 1990 ikaenea katika nchi yetu, wakati huo ikiitwa Zaire. Ni moja ya kazi njema kabisa za afya ya umma ambazo kizazi chetu kimeziona, kwa kuwa iliwaokoa watoto wengi wasizaliwe na akili iliyodumaa. Hata hivyo, hapa Kivu madaktari waliona jambo ambalo habari yake ilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1996. Baadhi ya watu wazima waliokuwa na rovu la siku nyingi lenye vinundu walianza kukonda, kutetemeka mikono na kupigwa na moyo kwa kasi. Vinundu vyao vilikuwa vimezoea kufanya kazi peke yake bila kusikiliza amri ya mwili. Vilipopata iodini kwa wingi, vikatoa homoni bila kipimo. Hata Coindet kule Geneva aliona wagonjwa wa namna hiyo.

Mnaona sasa ninakoelekea. Gramu moja ya mwani mkavu wa aina ya kombu inaweza kuwa na zaidi ya maikrogramu 1,000 za iodini. Mama wa miaka hamsini na mitano, mwenye rovu la vinundu tangu ujana wake kijijini, akinunua vidonge vya mwani vya “kusafisha tezi” na kuvimeza mara tatu kwa siku, anaweza kuuamsha ugonjwa wa moyo aliokuwa hana. Dawa iliyomfaa mgonjwa wa Ge Hong, mwenye rovu laini la njaa ya iodini, inaweza kumdhuru huyu. Kitu ni kilekile. Shingo ni mbili tofauti. Ndiyo maana kwanza hupimwa damu ili kujua kama tezi inafanya kazi kidogo mno au kupita kiasi, kisha ekografia, na daktari akiona haja, huchoma sindano nyembamba ili kuchukua chembe chache za kinundu. Vinundu vingi vya tiroidi, zaidi ya tisa katika kumi, si saratani, na vingi havihitaji dawa yoyote, ya Kichina wala ya Kizungu, ila kuangaliwa tena baada ya muda.

Wengine hunijibu kwamba majani hayadhuru kwa kuwa Mungu ndiye aliyeyaumba. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anawasifu dawa na daktari pamoja, wala hawatenganishi. Na Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotaka kupungua uzito katika kliniki moja ya Brussels walipewa mchanganyiko wenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine unaokaribiana nao kwa jina. Zaidi ya mia moja waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ulikuwa mmea wa asili kabisa.

Juu ya titi nitasema kwa ufupi lakini bila haya, maana haya inaua. Kwa msichana wa miaka kumi na saba au ishirini na mbili, kinundu kinachotembea kikiguswa, laini kama mpira, mara nyingi ni uvimbe usio na ubaya unaotokana na nyama za titi zenyewe. Matiti yenye vinundu vinavyouma kabla ya hedhi na kutulia baadaye ni jambo la kawaida. Lakini kinundu kigumu kisichotembea, ngozi iliyovutwa ndani au yenye vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia au kutoa damu, tezi ngumu kwapani: hayo hayangoji mwezi ujao. Katika nchi za Afrika wanawake wengi wenye saratani ya titi hufika hospitalini ugonjwa umekwisha kusambaa, na wengi wao ni wenye umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya. Wanaume nao huipata, ingawa ni nadra. Na kutokuuma si dalili njema: mwamba wa Zhu Danxi haukuuma.

Tafiti zimefanywa China juu ya dawa za kale kwa vinundu vya titi na vya shingo. Nyingi ni ndogo, nyingine hazikulinganisha wagonjwa ipasavyo. Baadhi zinadokeza kwamba maumivu ya matiti hupungua. Sikatai kwamba siku moja atatokea Tu Youyou mwingine. Kwa leo hakuna mchanganyiko wa mimea uliothibitishwa kuyeyusha saratani, na mwenye kuuza tumaini hilo anauza muda wa mgonjwa. Hospitali za China zenyewe humpasua mwenye saratani ya titi na kumpa dawa kali. Mimea humpa pembeni, ili kupunguza kichefuchefu na uchovu. Hilo wachuuzi wetu hawalisemi.

Hata hivyo, sitaki kumtupia mchuuzi mzigo wote. Nimejiuliza kwa nini yeye hupendwa. Huja nyumbani. Huketi. Huuliza juu ya usingizi, juu ya mume, juu ya deni. Humpa mtu kipande cha chuma akishike mkononi, waya unaingia katika kompyuta, na baada ya dakika moja zinatoka kurasa za rangi zinazoeleza ini, figo na matiti. Kifaa hicho hakiwezi kuona kinundu. Hakina sauti ya ekografia wala miale ya radiografia. Lakini kwa dakika ile mwanamke ameangaliwa. Katika vituo vyetu vya afya, mama huyohuyo hungoja tangu alfajiri kwenye benchi, halafu huulizwa mbele ya watu kumi kwa nini amechelewa kuja. Wale kati yenu wanaosomea uuguzi na utabibu walikumbuke benchi hilo.

Na fikra ile ya huzuni iliyoganda kuwa kinundu, tuifanyeje? Mimi naona ina upande mzuri na upande wa hatari. Katika mji kama wetu, ambapo dada zenu wamelala chini ya mahema, wamezika bila kaburi, wamenyamazia mambo yasiyosemeka, ni vema elimu ya kale ikatukumbusha kwamba mwili na moyo ni jirani. Kumsikiliza mtu ni tiba ya kweli kwa usingizi wake na kwa hofu yake. Upande wa hatari ni pale mgonjwa wa saratani anapoambiwa kwamba amejiletea ugonjwa kwa hasira zake, kwa kutosamehe, kwa kinyongo dhidi ya mume. Nimesikia maneno hayo yakitoka hata katika midomo ya wanaosali. Hayajathibitishwa na sayansi, na ni ukatili. Mwenye kinundu anabeba kinundu. Asibebeshwe na hukumu.

Mambo ya jikoni ni mepesi. Chumvi inunuliwe ile ya mfuko uliofungwa na kuandikwa kwamba ina iodini, iwekwe katika chombo chenye kifuniko mbali na jiko na jua, na itiwe chunguni mwishoni. Chumvi ghafi ichotwayo ziwani Katwe, ambayo wafugaji huipenda kwa ng'ombe wao, isiwe chumvi pekee ya nyumba. Muhogo mchungu ulowekwe siku za kutosha na kukaushwa vema. Sombe itwangwe na kupikwa muda mrefu, kama bibi zenu walivyofanya bila kufundishwa na maabara.

Jambo gumu ni fedha, na hapa wazee wengi huishia kuhubiri. Tangu mwisho wa Januari 2025 benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukanyamaza, na walimu wengi wanahesabu miezi bila mshahara. Najua kwamba ekografia ni gharama. Lakini nimeona pia sanduku la vidonge vya Kichina likinunuliwa kwa dola ambazo zingeweza kulipia uchunguzi, na mwezi uliofuata sanduku la pili, kwa sababu “tiba ni ya miezi mitatu”. Vikundi vyenu vina likelemba ya sare na ya sherehe za somo wa kikundi. Anzisheni nyingine, ndogo, ya siri kwa maana njema, ili msichana apewe fedha ya uchunguzi bila kutaja mbele ya wote ni sehemu gani ya mwili. Mhasibu awe dada mmoja anayejua kunyamaza. Na asiende peke yake hospitalini: wawili waende naye, wakae naye kwenye lile benchi.

Nimebakiza swali la yule aliyekwisha kununua na kuanza kumeza. Asitupe sanduku kwa aibu, wala asilifiche chini ya kitanda. Alichukue pamoja na karatasi yake ya ndani, hata kama imeandikwa kwa Kichina kitupu, amwonyeshe daktari na kumwambia ni siku ngapi amekunywa na vidonge vingapi. Kama ndani yake kuna mwani, vipimo vya tezi vinaweza kupotoka, na daktari asipoambiwa anaweza kutibu ugonjwa usiokuwapo. Kama anatumia dawa nyingine, za shinikizo la damu au za kupanga uzazi, azitaje pia. Daktari akifoka, avumilie dakika ile moja na kuomba kuchunguzwa.